Heko, Owino Uhuru

Kutoka huku Izia, Sumbawanga, nawapongeza wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisimama ubavuni mwa nyumba zao, kikawamwagia moshi na maji yenye madini ya risasi. Sumu hii huingia kwenye damu ya mtoto na kudumaza akili yake, mzazi asijue lolote. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe ameathirika. Hakunyamaza. Alikusanya majirani, watoto wakapimwa damu, maandamano yakafanyika. Mwaka 2012 akakamatwa, na bado hakurudi nyuma. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao. Miaka yote hiyo, watu wa nyumba za mabati hawakuachiana mikono!

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya kudai mahakamani mazingira safi na salama. Wana Izia, tuitumie.