Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Juu ya Manufaa na Uadilifu wa Mapitio ya Kamusi

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kukumbukwa tunapozitazama zile kurasa za mwisho za majarida yetu ya lugha ziitwazo "Mapitio ya Vitabu". Humo msomi husoma kitabu cha msomi mwenziwe, kisha huwaambia wengine iwapo kinafaa. Makala hii inakusudia kuuliza maswali mawili juu ya mapitio ya kamusi hasa. Je, yanamfaa nani? Na je, tuna sababu gani ya kuyaamini?

Tuanze na swali la kwanza, na tumchukue mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari huko Kanyangi, katika Kaunti ya Kitui. Nchi ile ni kavu, mvua yake haina ahadi, na mavuno yakikosekana karo nayo huchelewa. Shule ya namna hiyo ikipata fedha za kununulia nakala chache za kamusi, haitazipata nyingine upesi. Ikikosea, wanafunzi wataishi na kosa hilo kwa miaka. Orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala humwonyesha mwalimu kilichoruhusiwa, lakini haimwelezi kwa undani tofauti ya kitabu hiki na kile. Kwa hiyo anageukia mapitio. Huko anaambiwa kwamba kamusi fulani ni "mchango mkubwa", kwamba maneno yake ni mengi, na kwamba ina makosa kadha wa kadha ya chapa. Yote hayo yaweza kuwa kweli, na bado mwalimu hajui anunue ipi.

Anachohitaji kujua ni kitu kingine. Wanafunzi wake husema Kikamba nyumbani. Katika Kikamba kwenda ni kutaka au kupenda, na kukoma ni kulala usingizi. Mwanafunzi akivikuta vitenzi hivyo katika Kiswahili hudhani anavijua, wala haifungui kamusi mpaka sentensi imshinde. Akiifungua, je, atakuta sentensi ya mfano itakayomtoa katika kosa lake, au atakuta kisawe kimoja kilicho kigumu kuliko neno lenyewe? Tena, Kikamba hakina sauti ya r katika maneno yake ya asili. Mwanafunzi aliyesikia mahari akaandika mahali atalipata neno hilo katika kamusi, na maana yake kamili, wala hakuna kitakachomwonya kwamba amepotea njia. Hapa ndipo kamusi inapojaribiwa. Mashua haijulikani uzima wake ingali gatini; sharti ipelekwe mkondoni. Mhakiki aliyekulia katika Kiswahili, ambaye huipima kamusi kwa maneno anayoyajua yeye, huwa ameipima gatini.

Mwaka 1939 watupa mfano mzuri. Mwaka huo ilichapishwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoanzwa na Frederick Johnson, na kule Paris ikaanza kutolewa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya padre Charles Sacleux. Ya kwanza ilishughulika zaidi na lugha sanifu ya shule na ofisi. Ya pili ilikusanya maneno ya lahaja kwa wingi. Kuuliza ni ipi iliyo bora, bila kusema kwa kazi gani, ni kuuliza swali tupu. Karani alihitaji ile, na msomaji wa tenzi za kale alihitaji hii. Mapitio yasiyomtaja mtumiaji hayawezi kuwa na manufaa, hata yakiandikwa na mjuzi.

Sasa tuje kwenye uadilifu. Johnson alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na Kamati hiyo ndiyo iliyokuwa ikikagua vitabu na kuvipa ithibati. Kamati hiyo pia ilikuwa na jarida lake. Baadaye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, na Taasisi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa jarida la Kiswahili. Hatudai hata kidogo kwamba mtu yeyote alipendelea. Tunalosema ni kwamba duara letu ni dogo: mwanafunzi wa jana ndiye mhakiki wa leo, mtunzi na mhariri wamewahi kukaa ofisi moja, na nakala inayohakikiwa hutolewa bure na mchapishaji. Katika hali hiyo mhakiki asiye na uhusiano wowote na mtunzi ni vigumu kupatikana.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuficha jina la mhakiki. Times Literary Supplement la London, lililoanza mwaka 1902, lilifuata desturi hiyo mpaka mwaka 1974, kisha likaiacha. Kwetu desturi hiyo isingefaa, maana tunajuana hata kwa mwandiko, na pazia humsitiri mwenye chuki kama linavyomsitiri mwenye haki. Wengine hudhani kwamba uadilifu ni ukali, na kwa hiyo huhesabu makosa ya chapa ili waonekane hawakumwonea mtu haya. Ni kweli kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema anayetukanwa bila sababu huacha kugema.

Mfano ulio bora zaidi watoka nje ya fani yetu. Jarida la Consumer Reports la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1936, hununua lenyewe vitu linavyovipima, wala halipokei matangazo ya wauzaji. Majarida yetu hayana fedha hizo. Hata hivyo twaweza kuchukua lile jambo la msingi, nalo ni kwamba msomaji aonyeshwe jaribio lenyewe, asipewe hukumu tu.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mhakiki ataje mwanzoni uhusiano wake na mtunzi, taasisi au mchapishaji. Na kamusi ya chuo kimoja ihakikiwe katika jarida la chuo kingine. Pili, kabla ya kuifungua kamusi, achague maneno hamsini kutoka katika vitabu ambavyo wanafunzi huvisoma, kisha aeleze ni mangapi aliyoyapata, mangapi yamefafanuliwa kwa mfano, na kamusi shindani, ya bei gani, imefanyaje kwa maneno hayo hayo. Tatu, pamoja na msomi wa chuo, aombwe maoni mwalimu wa darasani anayefundisha wasiozaliwa na Kiswahili, kwani hao ndio wengi miongoni mwa wanunuzi wa kamusi.

Hakuna gumu katika haya, isipokuwa labda lile la kwanza, kwa kuwa linatutaka sisi wenyewe tuseme hadharani tunaposimama. Tusipolifanya, mwalimu wa Kanyangi atakuwa na haki ya kuziruka kurasa zetu za mwisho na kununua kamusi iliyo rahisi kuliko zote.