Kosa Lilifanyika Kwenye Meza ya Sauti

Mmeziona filamu hizi za waliokimbia vita kaskazini mwa Msumbiji, kwa hiyo sina haja ya kuzisimulia mwanzo hadi mwisho. Mama wa Kimwani amekaa mkekani, pengine Paquitequete, mtaa wa pwani wa mji wa Pemba ambako majahazi yaliyojaa waliokimbia vita yalishusha watu kwa maelfu mwezi Oktoba 2020, pengine kwenye kambi za Metuge. Anaanza kueleza alivyotoka Mocímboa da Praia, au Palma baada ya shambulio la 24 Machi 2021. Anamaliza sentensi moja, anaingia ya pili, na hapo mtu aliyekaa kwenye meza ya sauti anamshusha mpaka anabaki mnong'ono. Juu yake inapanda sauti ya studio, Kireno kilichonyooka au Kiingereza, na ndiyo inayotufikisha mwisho. Picha ni nzuri, mhojaji ni mpole, sina neno nao. Ila kumshusha mama ni kosa, tena kosa la kiufundi, na inapodaiwa kwamba kusimulia huko ni sehemu ya kumtibu yeye au wenzake, hapo siwezi kunyamaza.

Tukae kidogo kwenye hiyo sentensi ya pili. Vaa spika za masikioni usikilize chini ya Kireno. Sisi wa Kiswahili, toka Mtwara hadi Lamu, Kimwani, lugha ya pwani hiyo, hatukipati chote, lakini tunakipata kiasi cha kutosha kujua msemaji amefika wapi. Mtu mwenye kiwewe hasimulii kwa mwendo mmoja. Hukimbilia sehemu fulani, hurudia jina la mahali, huruka usiku mzima kwa neno moja, hunyamaza. Anayemsikiliza kwa nia ya kumsaidia hufanya kazi yake ndani ya vituo hivyo: amenyamaza wapi, baada ya kumtaja nani, na kwa nini aliyekuwa akisema "mimi" ghafla anasema "watu". Sauti ya studio haina vituo. Msomaji amepewa karatasi yenye tafsiri iliyokwisha kunyooshwa, anaisoma kwa pumzi zake mwenyewe, na mama anaponyamaza yeye anaendelea. Mtazamaji anapata habari kamili ya kukimbia, yenye kichwa na miguu, kutoka kwa mtu ambaye hakukimbia. Aliyekuwa na shida ya kuisimulia ameondolewa pamoja na shida yake. Halafu kuna kinanda. Nitakilalamikia kinanda hicho mpaka siku kitakapotolewa: noti tatu za huzuni zinazowekwa chini ya kila mwanamke wa Kiafrika anayelia, awe wa Ibo au wa Goma, kana kwamba kilio chake peke yake hakitoshi kueleweka.

Wenye fani hii ya simulizi ya kidijitali hawakuianza hivyo. Joe Lambert na Dana Atchley walipofungua kituo chao San Francisco mwaka 1994, hicho ambacho baadaye kiliitwa StoryCenter, walijenga warsha ya siku chache. Watu wachache huketi duara, kila mmoja huleta kisa chake, hukirekodi kwa sauti yake, hupanga picha zake, na hutoka na filamu ya dakika mbili tatu ambayo neno la mwisho juu yake ni la kwake. Sauti ya mwenye kisa waliihesabu miongoni mwa mambo saba ambayo simulizi ya kidijitali haisimami bila hayo. Amy Hill wa kituo hicho hicho aliipeleka njia hiyo Uganda, kwa wanawake waliougua fistula, jambo la aibu na siri kuliko mengi. Na ukija upande wa tiba hasa, ushahidi uko karibu nasi zaidi. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert walijaribu tiba ya kusimulia kwa wakimbizi wa Sudan kambini Imvepi, Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Baadaye wakaenda Nakivale kwa Wanyarwanda na Wasomali, wakitumia wanasihi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, na dalili za kiwewe zikapungua. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza: mgonjwa husimulia maisha yake kwa mfuatano, mnasihi huyaandika, kikao kinachofuata humsomea, yeye husahihisha, na mwishoni hukabidhiwa maandishi yake. Kisa kinamrudia mwenyewe. Filamu zetu za Pemba zinakichukua kisa kikao kimoja, zinakitia lugha nyingine na kukisafirisha. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilikataa kumketisha manusura kikao kimoja na kumtaka aeleze yote yaliyompata kwa kudhani kwamba hiyo ni kinga. Kamera haibadilishi hukumu hiyo.

Wapo wanaosema Marekani kazi ya aina hii imefaulu kwa wanawake Walatina, basi nasi tuige. Tuige, lakini tutazame walichofanya. MarySue Heilemann, mtaalamu wa uuguzi katika chuo kikuu cha UCLA, hakuwasimamisha wagonjwa mbele ya kamera. Alitengeneza hadithi ya kubuni, "Catalina: Confronting My Emotions", ambayo mhusika wake ni Mlatina mwenye sonona na wasiwasi, anaigizwa na mwigizaji, vipande vyake vinatazamwa kwenye simu, na kutoka hapo mtazamaji anaonyeshwa njia ya kupata msaada. Wanawake waliohojiwa walijiona ndani ya Catalina bila hata mmoja kutoa siri yake mbele ya kamera. Lugha ilikuwa Kiingereza kwa sababu Walatina waliolengwa walikuwa wanaongea Kiingereza, na hilo ndilo waigaji wetu wanalolipita. Catalina alisema na mtazamaji wake kwa lugha ya mtazamaji. Mama wa Quissanga, akishafunikwa na Kireno, anasema na Maputo na Geneva.

Najua majibu ya wanaotengeneza filamu hizi. La kwanza ni kwamba mfadhili asipoelewa hatoi pesa. Mfadhili anajua kusoma, mwekee maandishi chini ya picha. Asiyejua kusoma ni yule mwanamke wa pwani ambaye shule haikumfikia, na ndiye pekee aliyehitaji kusikia. La pili ni kwamba Kireno ni lugha ya dola, na mkoa huo wa kaskazini una Wamwani, Wamakonde, Wamakwe na Wamakhuwa, huwezi kuwapendelea wamoja. Kufuta lugha zote kwa pamoja ni haki ya namna gani? Rekodi visa vinne kwa lugha nne. La tatu ndilo zito: vita iliyoanza 5 Oktoba 2017 haijakwisha, na sauti halisi inaweza kumtambulisha mtu kwa waliomfukuza. Hoja hiyo ningeiheshimu kama filamu zingeficha na uso. Lakini uso umeachwa wazi, kitambaa chake, watoto wake, hata jina la kijiji. Kilichofichwa ni sauti tu. Kama hofu ni usalama, fuateni njia ya Catalina: chukueni visa vya wengi, mtunge kimoja, apewe mwigizaji wa Kimwani akiseme.

Na hilo pwani tulilijua kabla ya kompyuta. Siti binti Saad alirekodi santuri Mumbai mwaka 1928, kwa Kiswahili, na watu wa mwambao wakamsikia Siti yule yule waliyemjua. Katika "Kijiti" aliimba mkasa wa mwanamke aliyeuawa Unguja na muuaji akatoroka. Hakumdai manusura yeyote aje kulia mbele ya chombo cha kurekodia, maana mwimbaji aliubeba mzigo huo kwa niaba yao. Hata Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na ambaye wasomi walichelewa sana kumwita msanii, alijua upande wa kuelekea: alileta maneno ya mbali kwa watu waliokaa mbele yake. Wahariri wa leo wana vifaa ambavyo yeye hakuviota, na wanafanya kinyume chake.

Ingekuwa na faida gani sauti ya mama ikiachwa? Msumbiji imekuwa ikifundisha wataalamu wa kati wa magonjwa ya akili tangu 1996, kwa kuwa madaktari bingwa wa fani hiyo ni wachache mno kwa nchi nzima. Rekodi ya dakika tatu ya mama anayeeleza kwa Kimwani jinsi usingizi ulivyompotea, ikichezwa barazani wagonjwa wakisubiri zamu, ingewafungulia wataalamu hao mazungumzo ambayo bango la Kireno ukutani haliwezi kuyafungua. Haihitaji picha. Inapita kwa WhatsApp pale mtandao ulipo. Pale minara ilipoharibiwa inapita kwa kadi ya kumbukumbu ya simu, mkono kwa mkono, na redio za jamii zinaweza kuirusha. Lakini rekodi iliyokwisha kufunikwa na Kireno haichezwi popote kaskazini ya Pemba ikamfaa mtu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohariri ni dogo, na halina gharama mpya. Pesa za kumlipa msomaji wa studio zinatosha kumlipa mwandishi wa maandishi ya chini. Ondoeni kinanda, mpandisheni mama, Kireno kikae chini kisomwe. Na kabla ya kuituma filamu popote, mchezeeni kwanza yeye aisikie, akisema hapana, ifuteni.