Mkono wa Fundi Katika Heda

Kabla seva haijagusa data yenyewe, huwa imeshasoma heda za ombi la HTTP. Humo ndimo inamojua ombi limetumwa na programu gani, mtumaji ana kibali gani, na jibu analotaka ni la JSON au HTML, la Kiswahili au Kijerumani. Ni mistari michache ya jina na thamani, nukta pacha katikati, na wengi huipachika kwa pupa ili mradi seva ikubali. Ndiyo maana napenda kuitazama taratibu kazi ya waliounda HttpClient, maktaba ya kutuma maombi hayo, iliyoingia rasmi katika Java 11 mwezi Septemba 2018.

Mtangulizi wake, HttpURLConnection, ni wa miaka ya 1990. Huko heda hubandikwa kwenye muunganisho wenyewe, na muunganisho ukishafunguka, ukiongeza nyingine unarushiwa kosa. Katika HttpClient ombi hujitegemea. Unalijenga hatua kwa hatua, unaita build, na kuanzia hapo halibadiliki tena. Thredi nyingi zinaweza kulituma kwa pamoja bila moja kuchafua heda za nyingine.

Uzuri ninaourudia zaidi umo katika majina mawili yanayokaribiana: header na setHeader. La kwanza huongeza thamani juu ya zilizopo. La pili hufuta zilizopo na kuweka mpya. Accept yaweza kurudiwa bila tatizo. Authorization haifai: tokeni ya jana na ya leo zikisafiri pamoja, seva moja italikataa ombi, nyingine itachukua ile iliyokwisha muda. Anayeijua kazi utamtambua hapo hapo, kwa kuona ametumia lipi na wapi.

Kisha kuna kukataa. Jaribu kuandika Content-Length kwa mkono: IllegalArgumentException papo hapo, kabla baiti moja haijatoka. Ni haki, kwa sababu urefu uliotajwa ukizidi data iliyotumwa, seva itakaa ikisubiri kisichokuja. Ukipungua, mabaki yanaweza kusomwa kama mwanzo wa ombi jingine, na wadukuzi wanaijua vizuri njia hiyo. Thamani yenye mstari mpya ndani yake nayo haipiti, maana hapo mtu angechomeka heda yake mwenyewe. Hata hivyo hawakuwa wakaidi. Tangu Java 12, mpangilio wa jdk.httpclient.allowRestrictedHeaders humruhusu mwenye sababu ya kweli kuweka, kwa mfano, Host aitakayo.

OkHttp, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ina jambo ninaloliheshimu: ombi likielekezwa kwenye seva nyingine, huiondoa Authorization yenyewe, siri isimfikie asiyehusika.

Kwa wanaotumia WebClient ya Spring, kishawishi ni defaultHeader. Kwa Accept inafaa kabisa. Kwa tokeni ya saa moja ni mtego, kwani thamani hushikwa pale WebClient inapoundwa, na saa hiyo ikipita maombi yote hurudi na 401, yaani kibali hakikubaliki. Mikono mizoefu huweka chujio, ExchangeFilterFunction, linalochukua tokeni kila ombi linapoondoka.

Na User-Agent. Ukiiacha, HttpClient hujitaja kuwa Java-http-client na namba ya toleo, sawa na programu nyingine chungu nzima. Wikimedia huwataka wanaochota data zake kwa programu wataje jina la programu hiyo na njia ya kumpata mwenye programu. Ni mstari mmoja tu wa setHeader. Msimamizi wa seva akikuta maombi yanafurika usiku, anaweza kumwandikia mwenye programu barua pepe kabla ya kuifungia anwani yake.