Amana ya Sauti

Sanaa nyingi humpa fundi sifa kwa kile anachokiongeza juu ya mali ghafi aliyopewa: seremala wa Lamu husifiwa kwa nakshi alizozichonga juu ya mlango, wala hapana amlaumuye kwa sababu mti haukuota na maua yale. Lakini iko sanaa moja, changa kwa umri na ndogo kwa umbo, ambayo sifa yake yote imo katika kutoongeza kitu. Nayo ni sanaa ya kuunda vyombo viwili vikaavyo juu ya meza ya msikilizaji, aghalabu ndani ya sanduku moja lisilozidi ukubwa wa kitabu: kigeuzi, ambacho hupokea tarakimu za muziki kutoka katika kompyuta na kuzifanya umeme upandao na kushuka, na amplifaya, ambayo huupa umeme huo nguvu ya kuitikisa hedifoni. Mwenye kuviunda vyombo hivi amepokea amana. Mwimbaji amekwisha kuimba, mpiga udi amekwisha kupiga, na fundi wa studio amekwisha kunasa; lililobaki ni kuifikisha sauti kwa msikilizaji bila ya kupunguza wala kuzidisha. Mimi naihesabu kazi hii kuwa miongoni mwa kazi adilifu za zama zetu, na nataka kuieleza kwa urefu kidogo, maana wainunuao ni wengi na waijuao ni wachache, na kutojua huko kumewatoa watu fedha nyingi pasipo haja.

Kwanza kigeuzi. Diski ya kompakti ilipoingia sokoni mwaka 1982, kwa ubia wa Philips na Sony, sauti ilipimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo kiliandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua daraja moja miongoni mwa madaraja 65,536. Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza huingiwa na huzuni, akidhani kwamba sauti ya mwanadamu imekatwakatwa, na kwamba baina ya kipimo na kipimo pana kitu kilichopotea kisichorudi tena. Sivyo. Claude Shannon wa Marekani, akiijenga hoja yake juu ya kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1928, alithibitisha katika makala ya mwaka 1949 kwamba sauti isiyokuwa na mitetemo inayofikia nusu ya idadi ya vipimo yaweza kurejeshwa nzima, pamoja na yote yaliyokuwamo baina ya kipimo na kipimo. Nusu ya 44,100 ni 22,050, na sikio la kijana mzima wa afya hukoma karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kigeuzi kilichoundwa kwa idili hakitoi mstari wenye vidato. Hutoa wimbi laini, kwa kuwa baada ya tarakimu kugeuzwa umeme huja chujio ambalo kazi yake ni kuviondoa vidato hivyo.

Utimilifu huu zamani ulikuwa ghali, na leo si ghali tena. Adapta ndogo ya Apple, ile inayounganisha hedifoni na simu, iliyouzwa Marekani kwa dola 9, ina kigeuzi ambacho makosa yake yako chini ya yale ambayo sikio laweza kuyabaini. Nalitaja jambo hili kwa heshima, si kwa dharau, maana ni ushindi mkubwa wa mafundi kuiteremsha amana timilifu hata ikaenea kwa kila mtu. Ila umeme utokao katika adapta ile haupiti volti 1, na hapo ndipo dhima ya kigeuzi inapokwisha na dhima ya amplifaya inapoanza. Mtu anunuaye chombo cha mezani akidhani kwamba ananunua tarakimu bora zaidi amekosea duka. Anachokinunua kwa hakika ni nguvu, na nguvu hupimwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mimi nashangaa kwamba wauzaji hawaifundishi. Chukua hedifoni ya Sennheiser iitwayo HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na ambayo hata sasa wapenda sauti wengi huifanya kipimo cha nyingine zote. Ukinzani wake ni omu 300, na kampuni yenyewe imeandika kwamba volti 1 huitoa sauti ya desibeli 97. Kilele cha muziki wenye kishindo, mathalani pale ngoma na zumari zinapoingia kwa pamoja, chaweza kuhitaji desibeli 110 kwa nukta moja. Kila desibeli 6 zataka volti maradufu. Kwa hiyo kutoka 97 mpaka 110 tunahitaji volti 4.5 hivi, na kwa ukinzani ule mkondo hautazidi miliampea 15. Sasa chukua hedifoni ya namna nyingine, HE-6 ya HiFiMan, ambayo badala ya koili ina utando mwembamba uliotandikwa njia za umeme na kuwekwa baina ya sumaku. Ukinzani wake ni omu 50 na usikivu wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Ili ifike kilele kile kile huhitaji volti 4.7, karibu sawa na ya kwanza, lakini mkondo wake ni miliampea 95, zaidi ya mara sita. Msikilizaji aliyezoea kuambiwa kwamba hedifoni yenye omu nyingi ndiyo nzito kuiendesha ataona hapa kwamba ameambiwa nusu tu ya habari. Ya kwanza yataka volti na haitaki mkondo, ya pili yavitaka vyote viwili, na amplifaya ndogo inayomhudumia vyema mwenye ile yaweza kumfedhehesha mwenye hii.

Katika sanaa hii pana mtu mmoja ambaye napenda kumtaja kwa sifa, ingawa jina lake la kweli halikujulikana. Alijiita NwAvGuy, akafanana na mafundi wa kale wasiotia sahihi. Mwaka 2011 aliutoa mchoro wa amplifaya aliyoiita Objective2, kwa ufupi O2. Aliutoa bure, rezista kwa rezista na kapasita kwa kapasita, akamruhusu kila mtu kuiunda na hata kuiuza, kwa sharti kwamba mchoro usibadilishwe. Hakuchagua sehemu zake kwa umaarufu. Alizipima chipu nyingi kwa vyombo vya maabara, na mahali pa kuisukuma hedifoni akaweka chipu iitwayo NJM4556, ya bei ya vichele, aliyoiunganisha sambamba ili ipate mkondo wa kutosha, kwa sababu katika kazi ile iliwashinda wenziwe wenye majina na bei. Mwaka uliofuata, akishirikiana na wengine, alitoa kigeuzi cha kufuatana nayo, na kabla mwaka huo haujamalizika alinyamaza, wala hakuonekana tena. Viwanda vidogo vya Marekani, Uingereza na kwingineko viliendelea kuiunda O2 kwa mchoro wake, na hata leo mtu mwenye subira na chuma cha kulehemu aweza kukaa mezani akaiunda mwenyewe. Ustadi wa kutafuta kisichosikika, kisha kuutoa bila ya kudai jina wala malipo, kwangu ni ustadi uliofika ukomo wa utu.

Mchoro ule wafundisha jambo ambalo latosha kumwokoa mnunuzi. O2 ina viwango viwili vya kukuza: mara 2.5 na mara 6.5. Kigeuzi cha mezani kwa desturi hutoa volti 2 kinapofika kilele chake; mara 2.5 ya hizo ni volti 5, nazo zaitosha HD 600 kwa hesabu tuliyoifanya, na ziada kidogo ikabaki. Lakini mwenye pupa hubonyeza swichi ya 6.5, akidhani kwamba zaidi ni bora, na mara 6.5 ya volti 2 ni 13, ilhali chombo chenyewe hakiwezi kutoa zaidi ya volti 7 hivi; vilele vya muziki hukatwa vichwa na sauti ikawa na ukali usiokuwamo katika rekodi. Tena kupunguza sauti hakumponyi, kwa sababu katika mchoro huu kipunguza sauti kimewekwa baada ya hatua ya kukuza, na kilichokatwa kimekwisha kukatwa kabla ya kufika kidoleni pake. Kanuni ya kushika ni hii: tumia kiwango kidogo kabisa kinachokufikisha unapotaka. Kwa mwenye vile visikizi vidogo vya kutia ndani ya sikio ni wajibu, maana usikivu wavyo ni mkubwa hata mvumo wa amplifaya yenyewe husikika muziki unaponyamaza, na tena atalazimika kusikiliza huku kizungusho cha sauti kikiwa chini kabisa, mahali ambapo upande wa kushoto na wa kulia aghalabu haulingani, na mwimbaji akaonekana amesogea kuelekea sikio moja.

Liko jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni ukinzani wa amplifaya yenyewe pale inapotokea sauti. Hedifoni haina ukinzani mmoja; HD 600 huandikwa 300, lakini katika sauti nene za besi hupanda mpaka karibu omu 500. Amplifaya yenye ukinzani mdogo, kama O2 ambayo yake ni nusu ya omu, haijali mabadiliko hayo. Amplifaya yenye ukinzani wa omu 120 hugawana volti na hedifoni, na kwa kuwa mgao hutegemea ukinzani, besi hupata fungu kubwa zaidi, desibeli 1 hivi juu ya sauti nyingine. Ndiyo sababu mafundi hupendekeza kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Amplifaya nyingi za vali, zile chupa za kioo za redio za kale, zina ukinzani mkubwa wa namna hii, na wazipendao huzisifu kwa uvuguvugu wa sauti. Siwakatazi, kwa kuwa masikio ni yao. Nasema tu kwamba uvuguvugu ule haukuimbwa na mtu.

Nami nina sababu ya kushikilia hivyo. Mwimbaji Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 akarekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na nyimbo zile zimetufikia kutoka katika santuri zenye mikwaruzo isiyokwisha. Mikwaruzo hiyo iko juu mno kuliko kasoro yoyote ya biti 16, wala hapana kigeuzi duniani kitakachoiondoa. Ukizisikiliza kwa chombo kinachozifunika sauti nyembamba, mikwaruzo hupungua na roho hutulia. Lakini pamoja nayo hupungua ncha za maneno, ile sini na shini ambazo kwazo shairi hufahamika, na hupungua mkwaruzo mwingine, wa upinde juu ya nyuzi za fidla, ambao ni muziki. Kwa chombo kiaminifu yote hubaki, na baada ya kitambo sikio lenyewe huyatenga, likaiacha kelele upande na kumfuata mwimbaji. Kazi ya kuchagua nini kisikilizwe ni ya msikilizaji, na chombo kinachomchagulia kimejitwalia mamlaka ambayo hakikupewa.

Juu ya bei nitasema machache. Kampuni ya Schiit ya Marekani, na Topping na SMSL za Uchina, zimekuwa zikiuza vyombo kwa dola 100 hivi ambavyo havina hitilafu isikikayo; anayelipa mara kumi ya hizo hununua sanduku zuri, matundu mengi ya kuunganishia, na nguvu kwa hedifoni za tabia ya HE-6. Fedha iliyosalia heri iende katika hedifoni, maana tafauti baina ya hedifoni na hedifoni ni kubwa na hata mtoto huisikia.

Mnunuzi wa Afrika ya Mashariki ana tahadhari yake mwenyewe. Umeme wetu ni wa volti 230 au 240 na wa Marekani ni wa 120, na adapta iliyofungwa pamoja na chombo kutoka kule, ikichomekwa hapa bila ya kusomwa, yaweza kuungua siku ile ile, pengine pamoja na chombo. Tena adapta hazibadilishani ovyo: O2 yataka adapta itoayo mkondo geu, wala haifanyi kazi kwa ile ya mkondo mnyoofu iliyozagaa madukani. Na ikiwa mvumo wa chini hausikiki ila kompyuta inapokuwa imeunganishwa na chaja yake, kosa aghalabu si la amplifaya bali ni la umeme unaozunguka katika waya za ardhi. Kebo ya mwanga, ambayo haina shaba ndani yake, huukata mzunguko huo mara moja.

Hesabu ya desibeli 110 niliyoifanya juu ilikuwa ya vilele vya nukta moja, si ya kusikilizia. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano yamependekeza kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na 75 kwa mtoto, na kila desibeli 3 zinazozidi huupunguza muda huo nusu. Chombo chenye nguvu nyingi na sauti safi ni cha hatari zaidi katika jambo hili kuliko kibovu, kwa sababu kibovu huumiza mapema na msikilizaji akapunguza, na kilicho safi hupanda bila ya kuudhi. Kwa hiyo mimi huanza na wimbo wenye kishindo kuliko yote niliyokusudia kusikiliza usiku huo, nikaweka sauti mahali unapotulia sikioni, kisha sikigusi tena kizungusho hata nyimbo za pole zinapofika na mkono ukashawishika.