Carlinhos Brown na Ufundi wa Kulea kwa Ngoma

Watu waitazamapo kazi ya Carlinhos Brown, mpiga ngoma wa Salvador da Bahia nchini Brazili aliyekuja kuwa mtunzi, mchoraji na mbuni wa ala, aghalabu huigawa mafungu mawili: huku sanaa iliyompa sifa duniani, kule hisani aliyowatendea vijana wa Candeal, mtaa wa makabwela alimozaliwa mwaka 1962. Kwa rai yangu, mgawanyo huo huificha siri ya kufaulu kwake. Kwani malezi hayakufuata baada ya sanaa, kama sadaka ya mtu aliyekwisha kutajirika, bali yalitiwa ndani ya muundo wa muziki wenyewe tangu awali.

Tuanze na ngoma. Kundi la Timbalada, aliloliasisi mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilisimama juu ya timbau, ngoma ndefu iliyo pana juu na nyembamba chini, iliyowambwa plastiki na kukazwa sana, ambayo hupigwa kwa viganja. Chini yake hunguruma surdo, ngoma kubwa zipigwazo kwa mikwiro, na juu yake hulia bacurinha, ngoma ndogo yenye sauti kali. Mpangilio huu una tabaka, na kila tabaka lina daraja yake ya elimu: pigo la surdo ni jepesi kulikariri, ilhali ni zito kulidumisha, hivyo humfunza mwanagenzi subira na nidhamu ya wakati, timbau nyingi zikipigwa kwa pamoja humfunza kuusikia mkono wa mwenziwe kabla ya kuusifu wake, na nafasi ya kujibizana na kiongozi, ambaye huongoza kwa ishara za mikono, humngoja aliyekwisha kuiva. Kwa hiyo mazoezi yalikuwa darasa, na mwanafunzi alikuwa na kazi ya haki tangu siku ya kwanza. Ndivyo Brown mwenyewe alivyofunzwa, mtaani, na mzee aliyejulikana kwa jina la Mestre Pintado do Bongô.

Vijana hao hawakuwekwa kando kungoja ukamilifu. Vai Quem Vem, kundi la wapiga ngoma wa Candeal lililoitangulia Timbalada, lilishiriki katika albamu ya Sérgio Mendes iitwayo Brasileiro, ya mwaka 1992, iliyopata tuzo ya Grammy. Kisha ikaja rangi: wapigaji wa Timbalada walijichora miili kwa nakshi nyeupe, na mtazamaji akaweza kuliona pigo likipita mkononi na begani kabla halijamfikia sikioni. Pambo hilo halikuhitaji mavazi ya gharama, nalo lilimfanya kijana ambaye mji ulizoea kumpita bila kumtazama awe ndiye picha yenyewe.

Juu ya msingi huo ndipo taasisi zilipojengwa. Mwaka 1994 ilianzishwa Pracatum, jumuiya iliyozaa shule ya muziki mtaani hapo, na kutoka kwake ukatokea mradi wa Tá Rebocado, uliotengeneza nyumba na mifereji ya maji machafu. Lakini dalili iliyo kubwa kuliko zote ni Lactomia, kundi la watoto wapigao makopo na takataka zilizogeuzwa ala, lililoongozwa na kijana aliyekulia katika ngoma za Brown: hapo mwanafunzi amekuwa mwalimu, na ujuzi hauning'inii tena katika uhai wa mtu mmoja.

Hoja hii ina ushahidi wa upande wa pili pia. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2014, Brown alibuni caxirola, kayamba ndogo ya plastiki ya kutikiswa na mashabiki. Mwezi wa Aprili 2013, katika uwanja wa Fonte Nova wa Salvador, mashabiki waliokasirishwa na mchezo walizivurumisha uwanjani, na baadaye zikapigwa marufuku kwa sababu ya usalama. Mbuni alikuwa yule yule na mji ulikuwa ule ule. Kilichokosekana ni mazoezi, kiongozi wa kutazamwa, na mwenzi wa kusikilizwa. Ala iligawiwa kwa maelfu, lakini uhusiano ambao huko Candeal uliigeuza ala kuwa malezi haukugawiwa pamoja nayo.

Basi wenye vikundi vya sanaa katika miji yetu, ambao kwa nia njema huongeza siku ya mafunzo ya vijana pembeni ya kazi zao, na wajiulize swali lililo gumu zaidi: je, kazi hii ingepungukiwa na nini lau vijana hawa wasingekuwamo? Ikiwa haipungukiwi na kitu, mafunzo hayo yatakoma siku fedha zitakapokoma. Bali ikiwa bila wao haisimami, malezi yatadumu maadamu kazi yenyewe yadumu.