Nani Atangulie? Mwongozo wa Kupima Programu ya Nyuzi Nyingi

Programu ya nyuzi nyingi, yaani yenye sehemu kadhaa zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, haipimwi kwa kuiendesha tu. Hata iliyo mbovu huweza kwenda vizuri miezi mizima. Katika mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, sumaku zilichukua takribani sekunde 8 kujipanga. Mhudumu mwepesi wa vidole akisahihisha maelezo ya tiba ndani ya muda huo, sehemu moja ya programu iliyaona masahihisho na nyingine haikuyaona. Wagonjwa walipigwa na mionzi kupita kiasi huko Tyler, Texas, mwaka 1986, baada ya wahudumu kuizoea kazi na kuwa wepesi. Kwa hiyo mjuzi husoma msimbo, na swali lake ni moja: utaratibu wa nani atangulie umeandikwa, au umeachiwa bahati?

Kinachoshirikiwa. Orodhesha data zote zinazoguswa na zaidi ya uzi mmoja, ambapo angalau uzi mmoja huzibadilisha. Kwa fundi hodari orodha hiyo ni fupi. Data isiyobadilika haina haja ya ulinzi, na data ya uzi mmoja haina wa kuigombea.

Kufuli na mipaka yake. Kufuli huruhusu uzi mmoja tu kuigusa data kwa wakati mmoja. Tuseme akaunti ina shilingi 1,000, na nyuzi mbili kila mmoja unataka kutoa 700. Programu dhaifu hushika kufuli ikisoma salio, huliachia, kisha hulishika tena ikitoa fedha. Kila hatua ni salama peke yake, ila nyuzi zote mbili zimekwisha kuona 1,000, na akaunti inabaki na deni la 400. Kufuli zuri huzunguka kanuni nzima: kukagua na kutoa huwa tendo moja. Ndiyo maana katika Java, hata ukitumia ConcurrentHashMap, kuita containsKey na kisha put ni dosari. Tendo la putIfAbsent hufanya yote mawili kwa pamoja. Vivyo hivyo neno volatile la Java huufanya uzi uone thamani mpya, lakini haiigeuzi count++ kuwa tendo lisilogawanyika.

Makufuli yakiwa mawili, tazama yanashikwa kwa mfuatano gani. Uhamisho wa fedha kutoka A kwenda B ukikutana na ule wa B kwenda A, kila uzi unaweza kushika kufuli moja na kulisubiri la mwenzake bila mwisho. Fundi huanza daima na akaunti yenye namba ndogo, na mkwamo huo hautokei.

Ahadi ya foleni. Wengi hudhani wakitumia ujumbe badala ya kumbukumbu ya pamoja wamemaliza shida. Soma ahadi yenyewe. Katika lugha ya Erlang, ujumbe wa mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja hauruki foleni. Watumaji wakiwa wawili, hakuna ahadi ya nani atafika kwanza. Mfumo wa ujumbe wa Kafka hugawa foleni katika vizigeu, na hulinda mfuatano ndani ya kizigeu kimoja tu, kwa hiyo programu makini hupeleka habari zote za akaunti moja kwenye kizigeu kimoja, au hutia kila ujumbe namba ya mfuatano. Jihadhari na anayepanga ujumbe wa mashine mbalimbali kwa saa za mashine hizo. Tangu makala ya Leslie Lamport ya mwaka 1978 inajulikana kwamba mpangilio unaweza kujengwa juu ya kutuma na kupokea, bila kutegemea saa.

Dalili mbaya. Ukikuta uzi unalazwa milisekunde 100 “ili mwenzake amalize”, umekuta dua mahali pa utaratibu. Siku seva ikielemewa, 100 hazitatosha.

Ushahidi wa majaribio. Kigunduzi cha migongano cha lugha ya Go, kinachowashwa kwa -race, ni ishara ya fundi makini. Lakini hukamata tu migongano ya kumbukumbu iliyotokea programu ikiendeshwa. Ile akaunti ya 1,000 yenye kufuli lililokatwa vipande viwili itapita bila onyo.

Mwishoni chagua matendo mawili yanayogusa data ileile, umuulize aliyeiandika programu: nini kinazuia haya yasibadilishane nafasi? Fundi atakuonyesha mstari. Akijibu kwamba “hilo la kwanza huwa linawahi”, usiipokee kazi yake.