Nani Anaamua Jiwe Lipi ni Mali?
Uhakiki wa masomo ya uzamili katika upangaji na usanifu wa migodi

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba masomo ya uzamili ya kupanga na kusanifu migodi ni shughuli ya wataalamu peke yao, isiyokuwa na itikadi yoyote ndani yake. Kwa maoni yao, siasa huishia pale Bunge linapopitisha sheria na Serikali inapopata hisa; yanayobaki ni hesabu, na hesabu haina tabaka. Hatukubaliani na mawazo hayo. Mgodi huamuliwa kwenye meza ya mpangaji kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa, na umma usiokuwa na watu wake kwenye meza hiyo humiliki karatasi tu.

Mwanafunzi wa fani hii hujifunza mambo makubwa matatu. La kwanza ni kukadiria mali iliyomo ardhini kutokana na sampuli chache. Njia inayotumika sana ilianzia katika tasnifu ya uzamili ya Danie Krige, iliyoandikwa mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kuhusu migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na baadaye ikajengewa nadharia na Georges Matheron wa Ufaransa. La pili ni kuchora mpaka wa shimo la mgodi wa wazi, kazi iliyopewa kanuni na Lerchs na Grossmann mwaka 1965. La tatu ni kuweka kiwango cha ukomo, yaani gramu za chini kabisa zinazolifanya jiwe lipelekwe mtamboni badala ya kutupwa kwenye kifusi. Hapo mwalimu mkuu ni Kenneth Lane, aliyekusanya mafundisho yake katika kitabu cha mwaka 1988.

Tuchukue mfano. Tuseme kuchenjua tani moja kunagharimu dola 40, gramu ya dhahabu inauzwa dola 50, na mtambo unaokoa asilimia 80 ya dhahabu iliyomo. Jiwe lenye gramu 1 kwa tani linarudisha gharama yake, na lililo chini ya hapo ni kifusi. Bei ikifika dola 100, jiwe la nusu gramu nalo linakuwa mbale. Ardhi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uhusiano wa kiuchumi. Kwa hiyo mbale si kitu cha asili tu, ni uamuzi. Hili Lane analisema waziwazi, na tunampongeza.

Kasoro inaanza pale anapoulizwa lengo la uamuzi huo. Kwa Lane lengo ni moja: kuikuza kadiri iwezekanavyo thamani ya sasa ya faida itakayopatikana. Kutokana na lengo hilo, mgodi huanza na kiwango cha juu, unakula mawe yaliyonona kwanza, kisha kiwango kinashuka kadiri miaka inavyokwenda. Kwa punguzo la asilimia 10 kwa mwaka, shilingi 100 za miaka 20 ijayo huhesabiwa leo kuwa shilingi 15 hivi. Kwa asilimia 5, zinakuwa kama 38. Mwenye mtaji ana haki yake ya kuharakisha, maana fedha yake inaweza kuhamia bara jingine. Lakini Geita haihami. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa kijana wa miaka 20 wakati huo, na hawezi kuhesabiwa kuwa shilingi 15. Mwanafunzi anayepewa kiwango cha punguzo kama kwamba ni sheria ya maumbile, asiulize ni cha nani, amepewa shahada pamoja na kasumba.

Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo ni letu makada: kudhani kwamba msimamo thabiti unatosha bila hesabu. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ya mauzo, si kwenye faida. Katika mfano wetu, mrabaha wa asilimia 6 unapandisha kiwango cha ukomo kutoka gramu 1 hadi karibu 1.06, na jiwe lililo katikati linageuka kifusi. Hatusemi mrabaha ufutwe. Tunasema anayeutunga lazima ajue ni mawe mangapi unayaacha ardhini.

Mgodi wa Tulawaka unatufundisha pande zote mbili. Mwaka 2013 kampuni ya kigeni iliuachia, ukachukuliwa na STAMICO, na dhahabu ikaendelea kupatikana chini ya STAMIGOLD. Kilichokwisha kwa hesabu ya mmoja hakikuwa kimekwisha kwa mwingine. Hata hivyo umeme wa dizeli uliitafuna kampuni hiyo ya umma, ukatukumbusha kwamba gharama haisikilizi hotuba.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja madini miongoni mwa njia kuu za uchumi. Sheria ya mwaka 2017 imeipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za migodi zenye leseni. Hisa hizo zinampa mjumbe wetu kiti. Lakini mjumbe asiyeweza kuuliza kwa nini punguzo ni 10 na si 5 atapiga kura juu ya ramani asiyoweza kuisoma.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Vyuo vyetu vifundishe Lane kikamilifu, na vimhoji kikamilifu. Kila tasnifu ya uzamili ipige hesabu ya mgodi mara mbili: mara moja kwa lengo la mwenye mtaji, mara ya pili kwa lengo la Taifa, na tofauti ionyeshwe kwa tani na kwa miaka. Na wahitimu wapelekwe kwenye Tume ya Madini na STAMICO, wakaifanye kazi hiyo badala ya kuzungushwa kwenye mafaili. Dhahabu ikishachimbwa haioti tena. Wa kuihesabu waandaliwe ingali ardhini.